Ardith Scarbro na Neno "Sipingi"

Polisi walipokuja kumchukua Ardith Scarbro, walimkuta amepiga magoti sebuleni kwa Mzee Okey Bragg, beseni la maji ya uvuguvugu mbele yake, akimsugua mzee nyayo. Hakuinuka mara moja. Alimkausha mzee miguu, akamvisha soksi, ndipo akawageukia.

"Haya, mnasemaje?"

Askari mmoja alikuwa mtu wa hapahapa kwetu, alikulia bonde la pili. Alikuwa anaona haya hata kumtazama.

"Mama Ardith, nakuomba tu uje taratibu. Usinifanye nitumie nguvu."

"Nguvu za nini, mwanangu? Niache kwanza nimwage haya maji, mzee asije akateleza."

Wakamwacha akamwage maji. Kisha wakamfunga pingu mbele ya mzee, ambaye alidhani Ardith anakwenda dukani, akamwagiza tumbaku.

Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yake, na haya nayasimulia kama nilivyoyaona na kama alivyonieleza mwenyewe. Ardith alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya chini, umri wake umepita hamsini. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa kwa saa zake. Shirika moja la mjini ndilo lililomwajiri na kumpangia nyumba za kwenda. Mumewe, Harless, alichimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakajaa vumbi, na sasa alikuwa mtu wa kiti na mpira wa oksijeni puani. Kwa hiyo Ardith alihudumia wazee wa watu mchana, akirudi nyumbani anamhudumia wake. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Wala sikuwahi kumsikia akibishana na mtu, na hilo ndilo lililomponza.

Mashtaka yalitokana na vidonge vya maumivu. Mzee Okey alikuwa na nyonga mbovu, na daktari alimwandikia vidonge vikali, vile ambavyo vimetuzikia watu wengi katika milima hii ya West Virginia, kiasi kwamba siku hizi hakuna anayevitania. Binti yake, Rowena, aliyekuwa akiishi mbali na kuja mara mojamoja, alifungua chupa akaikuta karibu tupu. Akamuuliza baba yake nani amechukua. Mzee akajibu, "Yule mwanamke." Na mwanamke aliyekuwa akiingia nyumba ile kila siku alikuwa mmoja tu.

Ardith alisomewa shtaka akiwa gerezani, mbele ya skrini ukutani, hakimu akionekana kama mtu wa kwenye taarifa ya habari. Wizi wa dawa zinazodhibitiwa, kosa kubwa, la kumfunga mtu miaka. Dhamana ikawekwa mahali ambapo sisi sote wa barabara ile tusingefika hata tungeshikana mikono. Akarudishwa rumande, akavaa nguo za rangi ya chungwa, akangojea.

Dada yake, Velda, ndiye aliyehamia kwa Harless. Velda ni kinyume cha Ardith kabisa, mdomo hauna breki. Nilipoingia siku moja kupeleka maharage na mkate wa mahindi, nilimkuta anagombana na mashine ya oksijeni.

"Hii kitu inalia kama mbuzi! Shemeji, nikibonyeza hapa utakufa au utapona?"

Harless alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na kikohozi kile hakikukatika. Midomo ikawa ya bluu. Tulimpeleka hospitali, akalazwa, akarudi amedhoofu zaidi. Velda akamweleza dada yake kwa simu ya gerezani. Hakumficha kitu, maana Velda hajui kuficha.

Kesho yake akaja wakili. Huyu ni wakili aliyepewa na mahakama, jina lake Tolliver, mtu wa heshima tu lakini mwenye kesi nyingi mno. Ardith aliniambia kwamba alikuwa akitazama saa kila alipomaliza sentensi.

"Mama Scarbro, nina habari nzuri. Mwendesha mashtaka yuko tayari kupunguza. Badala ya kosa kubwa, tunakwenda na kosa dogo, wizi mdogo tu. Hakuna jela. Unatoka leoleo."

"Lakini mimi sijachukua, bwana wakili."

"Najua. Ndiyo maana hutakiri."

"Sitakiri?"

"Hapana. Utasema 'sipingi'. Hukubali, hukatai. Unasema sipingi, basi, unakwenda nyumbani kwa mumeo."

"Na nikisema sikufanya?"

"Hapo unarudi na lile kosa kubwa, unasubiri. Kikao cha awali, cha kupima ushahidi, kimeshasogezwa mara moja, kinaweza kusogezwa tena. Sijui utakaa humu mpaka lini, mama. Siwezi kukudanganya."

Ardith alifikiri kidogo. Sipingi. Kwake lilikuwa neno zuri. Maisha yake yote hakuwa mpinzani wa mtu. Alidhani amepewa njia ya katikati, ya watu wasiotaka ugomvi: upande huu wanaosema nimeiba, upande ule wanaosema sikuiba, na katikati wale wanaosema jamani, mimi sina vita na mtu, naomba nikamtazame mume wangu.

Wakampeleka mahakamani. Mimi na Velda tulikuwa benchi la nyuma. Hakimu alikuwa mzee wa miwani, msomaji wa haraka. Akamuuliza maswali mfululizo. Je, unaelewa kwamba unaachilia haki yako ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama? Ndiyo, mheshimiwa. Unaelewa kwamba unaachilia haki ya kuwahoji mashahidi? Ndiyo, mheshimiwa. Kuna mtu amekulazimisha au kukutisha? Ardith akamtazama wakili wake. Wakili akatikisa kichwa. Hapana, mheshimiwa. Unaelewa matokeo ya jibu lako? Ndiyo, mheshimiwa.

"Anajibu kama yuko shule ya Jumapili," Velda akaninong'oneza.

"Mahakama imepokea," hakimu akasema. Siku ya kutangaza adhabu ikapangwa mbele, Ardith akaachiwa aende nyumbani. Wakili Tolliver akamwambia adhabu itakuwa kuripoti tu kwa afisa, si jela, akampa mkono, akaingia kwenye kesi iliyofuata.

Jioni ile Ardith alimwogesha Harless, akambadilishia shuka, akalala amejiegemeza kwenye kiti chake. Aliniambia kwamba hajawahi kulala usingizi mtamu kama ule. Hakujua kwamba alikuwa ametoka chumba kimoja cha gereza na kuingia kingine.

Alhamisi gazeti letu likatoka. Ukurasa wa mahakama ndio unaosomwa kuliko yote hapa kwetu, kuliko hata wa mpira. Jina lake lilikuwepo: Ardith Scarbro, wizi, amepatikana na hatia. Velda alikuja na gazeti mkononi kama ameshika panya.

"Wewe! Ulisema hukukiri!"

"Sikukiri. Nilisema sipingi."

"Mbona hapa wameandika hatia?"

"Wamekosea. Nitawapigia."

Kabla hajawapigia, alipigiwa yeye. Ilikuwa shirika lake la kazi. Mwanamke wa upande wa pili alizungumza kwa upole sana, jambo lililoonyesha kwamba shauri limeshakatwa. Mtu mwenye hatia ya kumwibia mzee aliyekuwa chini ya uangalizi wake haruhusiwi kuingia nyumba ya mgonjwa yeyote tena. Si pale tu, popote.

"Lakini sikukiri," Ardith akasema.

"Mama, kwetu sisi ni kitu kilekile."

Ardith akaweka simu chini. Akakaa kwenye ngazi za nyuma mpaka nikavuka barabara kumfuata.

"Hebu nieleze," akaniambia. "Wewe unasomasoma vitabu. Mtu akikwambia sipingi, umeelewa nini?"

Nikamwambia ningeelewa kwamba hataki kubishana.

"Basi. Na mimi ndivyo nilivyosema. Sasa wao walisikia nini?"

Siku zilizofuata alijifungia. Kanisani hakwenda. Dukani alinituma mimi, maana siku ya kwanza alipokwenda mwenyewe, mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alihamisha pochi yake kutoka bega hili kwenda lile. Harless alikuwa akimwambia, "Toka basi, mke wangu, ukaone jua," naye anamjibu, "Jua naliona dirishani." Alianza hata kujishuku. Siku moja nilimkuta anahesabu vidonge vya Harless mwenyewe, midomo inacheza, kama mtu anayejiuliza huenda kweli alichukua alichosema hakuchukua.

Velda ndiye aliyeleta habari za darasa. Chini ya maktaba ya mji kulikuwa na mwanasheria mstaafu, Delphine Yoakum, aliyekuwa akifundisha watu bure maneno ya mahakama kwa lugha ya nyumbani. Ardith alikataa kwenda. Velda akamwambia, "Unavaa viatu au nikubebe? Maana nitakubeba, na wewe si mwepesi." Akavaa viatu.

Tulikuwa watu wachache tu mle ndani, na harufu ya vitabu vilivyowahi kulowa. Bibi Yoakum alikuwa mwembamba, mwenye mkongojo, hana haraka. Aliuliza nani ana neno linalomsumbua. Baba mmoja akasema lake ni 'imeendelezwa'. Aliambiwa kesi yake imeendelezwa, akadhani inaendelea bila yeye, akarudi zake nyumbani, kumbe maana yake imeahirishwa mpaka siku nyingine; siku hiyo hakutokea, wakamtolea hati ya kumkamata. Watu wakacheka, naye akacheka, lakini alikuwa ameshikilia kofia yake kwa nguvu.

Ardith akainua mkono nusu.

"Sipingi," akasema.

Bibi Yoakum akaweka mkongojo chini. "Hilo ni neno baya, dada yangu. Linaonekana kama mlango, kumbe ni ukuta uliopakwa rangi ya mlango. Ukimwambia hakimu sipingi shtaka, umemwambia hivi: nifanye kama mtu aliyetenda, sitajitetea. Faida yake ni kwamba neno hilo halitatumika kama kukiri kwako mtu akikufungulia kesi ya madai baadaye. Lakini kwenye kumbukumbu za mahakama, hatia ni hatia."

Mwisho wa darasa Ardith alibaki kwenye kiti, na Bibi Yoakum akaja kukaa karibu naye.

"Hakimu ameshatoa adhabu?"

"Bado."

Uso wa yule mama ukabadilika. "Kabla ya adhabu unaweza kuomba kuliondoa jibu lako. Si lazima akubali, na mimi nitasimama nawe. Lakini sikiliza vizuri, maana sitaki useme ndiyo kwa adabu tu. Akikubali, lile kosa dogo linakufa, na lile kubwa linarudi. Kubwa lile la miaka jela. Umeelewa?"

"Ndiyo, mama."

"Hapana. Niambie wewe umeelewa nini."

Ardith akasema, "Kwamba nikibaki hapa nilipo, ni mwizi mpaka nife. Nikitoka, huenda nikafungwa. Na Harless akafa nikiwa ndani."

"Ndiyo," Bibi Yoakum akasema. "Umeelewa."

Uamuzi ule ulimtesa kuliko rumande. Harless ndiye aliyemsukuma. Nilikuwepo. Alivuta pumzi mara kadhaa kwanza, kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia.

"Sitaki kufa nikiwa mume wa mtu aliyesema uongo kwa ajili yangu," akasema.

"Sikusema uongo, Harless."

"Hukusema ukweli pia. Nenda kaseme."

Siku ya ombi, mwendesha mashtaka alisimama na maandishi ya kikao kile cha kwanza, akayasoma kwa sauti. Unaelewa? Ndiyo, mheshimiwa. Unaelewa? Ndiyo, mheshimiwa. Kila alipofika kwenye jibu aliinua macho kumtazama Ardith. "Mheshimiwa, mama huyu aliulizwa kila kitu, na kila kitu akajibu kwamba ameelewa. Leo anatuambia hakuelewa?"

Hakimu akavua miwani. "Mama Scarbro, ulinijibu ndiyo. Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni hakimu, mheshimiwa. Sikufundishwa kumjibu hapana mtu aliyevaa joho."

Kuna aliyecheka. Hakimu hakucheka. "Uliposema hupingi, ulidhani unaniambia nini?"

"Nilidhani nakwambia sina ugomvi na Rowena wala na mtu yeyote. Nilitaka kwenda kumtazama mume wangu. Sikuiba, mheshimiwa. Kama kuna neno jingine la kusema hivyo, nifundishe nilitumie."

Hakimu akavaa tena miwani. Kisha akasema jibu limeondolewa, shtaka la awali limerudi, na kwamba ataruhusiwa kukaa nje kwa ahadi yake tu mpaka kikao cha kupima ushahidi. Velda alinibana mkono mpaka ukaacha alama. Lakini nilimwona Ardith mgongo ukipinda. Alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa wa kurudishiwa shtaka.

Kikao kikafika. Shahidi mkuu alikuwa Mzee Okey. Rowena alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, amemvalisha tai. Mzee alipomwona Ardith uso ulimchangamka.

"Ardith! Tumbaku yangu iko wapi?"

Mwendesha mashtaka akakohoa. "Mzee Bragg, unakumbuka vidonge vyako vilipotea?"

"Nakumbuka."

"Ulimwambia binti yako kwamba vilichukuliwa na yule mwanamke. Ni mwanamke gani?"

"Opal," mzee akasema bila kusita. "Opal anavichukua. Mgongo unamuuma kwa kufua."

Opal alikuwa mkewe. Amezikwa juu ya kilima nyuma ya nyumba yao, na nusu ya waliokuwa mle ndani walihudhuria mazishi. Rowena alifunika uso.

"Si mama huyu hapa?" mwendesha mashtaka akauliza, akimwonyesha Ardith.

"Huyu? Huyu ananiogesha, bwana. Wewe vipi?"

Baada ya mashauriano mafupi, mwendesha mashtaka akaomba shtaka liondolewe, 'bila ubaguzi'. Watu wakaanza kuinuka. Velda alishapiga kelele ya furaha. Ardith hakuinuka. Alimshika Bibi Yoakum mkono, na kwa sauti yake ile ya chini, ambayo siku ile ilifika hadi benchi la nyuma, akauliza, "Bila ubaguzi maana yake nini?"

Bibi Yoakum akavuta pumzi. "Huko mtaani ni neno la kutendeana haki. Humu ndani maana yake ni kwamba wameliondoa leo, lakini wanaruhusiwa kulirudisha."

"Mpaka lini?"

"Kwa kosa kubwa, katika jimbo letu hakuna ukomo."

Velda akaketi tena.

Hivyo ndivyo Ardith alivyoishi tangu hapo, akiwa huru na hayuko huru. Shirika halikumrudisha, walisema jina lake bado linaonekana kwenye kumbukumbu, hata kama mbele yake pameandikwa 'limeondolewa'. Alipata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli ndogo ya kando ya barabara kuu. Gari la polisi likipita mbele ya hoteli, aliacha kukunja shuka mpaka lipite. Vidonge vilikwenda wapi, hatukujua na mpaka leo hatujui. Huenda mzee alivimwaga, huenda kuna mtu aliingia. Rowena hakurudi kumsemesha.

Kila mara Ardith alimuuliza Bibi Yoakum, "Wanaweza kulirudisha bado?" na kila mara jibu lilikuwa lilelile: wanaweza, maadamu wana shahidi, na mzee akili inayumba, kesho anaweza kumtaja mwingine.

Mzee Okey alifariki majira ya machipuko, usingizini. Velda ndiye aliyeleta habari, akaingia kwa kasi jikoni kwa dada yake, nami nilikuwa nakunywa kahawa mezani.

"Umesikia? Basi umepona! Shahidi hawana tena!"

Sijawahi kumwona Ardith akiwa na hasira kabla ya siku ile. Alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Usithubutu! Yule mtu nimemwosha, nimemlisha, nimemfuta. Usije nyumbani kwangu kuniambia nimepona kwa kifo chake."

Velda akanywea. Ardith akageukia sinki, akafungua maji, akayaacha yatiririke bila kuosha kitu. Baadaye aliniambia jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko yote: kwamba Velda alipotamka maneno yale, kabla ya hasira, moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha. Kwa punje ya muda tu. Akahisi kama kwamba sasa ndiyo ameiba kitu kwa mzee yule.

Siku ya watu kwenda kumtazama marehemu, aliniomba nimpeleke. Alikuwa amemuuliza Bibi Yoakum kama sheria inamkataza, akaambiwa haimkatazi. Tulikaa ndani ya gari nje ya nyumba ya maziko, mvua ikinyesha, naye ameshikilia mlango bila kuufungua. Watu walipita na mabakuli ya vyakula wakimwona na kujifanya hawamwoni.

"Twende nyumbani?" nikamuuliza.

"Hapana. Ngoja."

Mwishowe akashuka peke yake. Kupitia kioo cha mlango nilimwona akitembea katikati ya viti mpaka kwenye jeneza. Rowena alikuwa amesimama pembeni. Walitazamana. Sikuweza kusikia, ila niliona Rowena akisogea hatua moja, akampisha apate nafasi ya kusimama.

Aliporudi garini mvua ilikuwa imemlowesha nywele.

"Mmeongea?" nikauliza.

"Kidogo. Ameniuliza kama baba yake alikuwa akiogopa kulala gizani. Nikamwambia alikuwa akiogopa, kwa hiyo nilikuwa namwachia taa ya barazani."

"Akasemaje?"

"Amegeuka tu, akamtazama baba yake." Akafunga mkanda. "Tuharakishe, Harless yuko peke yake."

Nikawasha gari, tukapanda barabara ya mlimani kurudi kwetu.